Krediti za chuo ukiwa bado sekondari: mipango ya majimbo ya Marekani kwenye mizani

Bei ndiyo inayowavuta wazazi wengi: kozi ya chuo bila ada, mtoto hajamaliza hata sekondari, na kila kozi ina krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa hadi kupata shahada. Katika mwaka wa masomo 2022–23, wanafunzi wa sekondari karibu milioni 2.5 nchini Marekani walisoma walau kozi moja ya aina hii, wengi wao kupitia vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma ambavyo kwa kawaida hutoa masomo ya miaka miwili. Sisi hatuanzi na bei. Tunaanza na swali la krediti hizo zinatua wapi. Krediti 30 za bure zikihesabiwa kama kozi za hiari tu, huenda zisipunguze hata muhula mmoja wa shahada. Krediti 12 zilizochaguliwa kwa akili hupunguza.

Chukua fizikia. Mwanafunzi anasoma fizikia ya msingi inayotumia aljebra, anapata A, na chuo kikuu kinaipokea. Lakini idara ya uhandisi inataka fizikia yenye kalkulasi. Krediti inabaki kwenye karatasi ya matokeo, kozi inasomwa upya, na safari hii kwa ada kamili. Kupokelewa ni jambo moja, kuhesabiwa kwenye shahada ni jingine, na maofisa wa usajili hulijibu swali la kwanza tu mpaka uwaulize la pili.

Ukongwe ni wa Minnesota, yenye sheria tangu 1985. Mpango wake, PSEO (Postsecondary Enrollment Options), hulipia ada, michango na vitabu. Vitabu hivyo ni vya kuazima, virudishwe. Familia zenye kipato kidogo zinaweza pia kuomba kurudishiwa gharama za usafiri, nafasi ambayo watu huipita bila kuiona. Nyota nne na nusu kati ya tano.

Running Start ya Washington husamehe ada ya masomo, lakini vitabu, michango na nauli ni juu ya mwanafunzi, isipokuwa wenye kipato kidogo wanaopata msamaha wa baadhi ya michango. Cha kuangalia zaidi ni hesabu ya robo mwaka, kwa kuwa vyuo vyake vingi hugawa mwaka kwa robo badala ya mihula. Kozi ya krediti 5 za robo inatoa krediti 1 kamili ya sekondari, jambo zuri. Ukiihamishia chuo kinachotumia mihula, krediti 5 hizo zinakuwa 3.33, na 15 zinakuwa 10. Anayejiona amekusanya 90 anafika na 60. Nyota tatu na nusu.

Ohio, kwa mpango wa College Credit Plus ulioanza mwaka wa masomo 2015–16, ndiyo yenye kanuni zilizo wazi kuliko zote. Milango iko wazi kuanzia darasa la 7 hadi la 12, na katika vyuo vya umma familia hailipi ada wala vitabu. Kikomo ni krediti 30 kwa mwaka, ila kipo kikokotoo: zidisha kwa 3 idadi ya krediti za kozi za sekondari tupu, kisha toa kwenye 30. Mwenye kozi 4 za sekondari anabakiwa na 18 za chuo. Kozi ya chuo ya krediti 3 au zaidi ni krediti 1 ya sekondari. Taarifa ya nia ya kujiunga hupelekwa shuleni kufikia Aprili 1. Ukichelewa, huenda ukahitaji ridhaa ya mkuu wa shule. Makali yake yako kwenye kufeli: wilaya ya shule inaweza kuidai familia gharama ya kozi iliyofelishwa au iliyoachwa baada ya muda kupita. Wenye kipato kidogo kwa kawaida hawadaiwi. Nyota nne.

Florida inadai wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4.0 kwa kozi za krediti ya chuo, kizingiti kinachowabakiza wengi nje. Walioingia wanapata kitu ambacho majimbo mengine yangefaa kukiiga: namba za kozi zinazofanana kwenye vyuo vyote vinavyoshiriki. Herufi za mwanzo na tarakimu tatu za mwisho zikilingana, kozi inahama bila mjadala. Texas nayo ina kapu la kozi za msingi la krediti 42, ambalo likikamilika linahama zima kati ya vyuo vya umma, na tangu 2023 mpango wa FAST unaondoa ada kwa wenye kipato kidogo katika vyuo vinavyoshiriki. Georgia iliweka kikomo cha krediti 30 zinazolipiwa na jimbo mwaka 2020. Hapo hakuna nafasi ya kupoteza kozi moja kwa majaribio.

Je, utafiti unasema inafanya kazi? Tathmini ya What Works Clearinghouse, mradi wa Wizara ya Elimu ya Marekani unaopima ubora wa tafiti, ya Februari 2017 ilikuta matokeo mazuri: kumaliza sekondari, kuingia chuo, kukusanya krediti, kupata shahada. Isome kwa jicho la pili. Sehemu nzito ya ushahidi huo ilitoka kwenye shule za early college (sekondari zinazounganisha masomo ya chuo tangu mwanzo), ambako nafasi ziligawiwa kwa bahati nasibu na wanafunzi wanashikwa mkono mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi aliyejiokotea kozi moja ya saikolojia mtandaoni hayumo kwenye picha hiyo. Watafiti wa CCRC, kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii pale Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, wamekuwa wakipigia kelele jambo hili hili: kozi zipangwe kuelekea fani fulani, zisiachwe ziokotwe hovyo.

Ubora wa kozi hutegemea anayefundisha. Kozi inaweza kufundishwa chuoni au na mwalimu wa sekondari palepale shuleni. Kanuni iliyozoeleka ni mwalimu awe na shahada ya uzamili kwenye somo lenyewe, au uzamili wowote pamoja na krediti 18 za ngazi hiyo katika somo. Shule za vijijini hukwama hapa, na ndiyo maana orodha ya kozi inaweza kupungua mwalimu mmoja akistaafu. Kwa kozi zinazofundishwa shuleni, uliza kama mpango umeidhinishwa na NACEP, muungano wa kitaifa unaothibitisha ubora wa mipango ya aina hiyo.

Alama ni za kudumu. Anayeomba shule ya udaktari kupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, anaorodhesha kila kozi ya chuo, hata aliyoisoma akiwa na miaka 15. Vyuo vingi humtaka anayepokea msaada wa fedha awe amekamilisha asilimia 67 ya krediti alizojaribu. Aliyeacha kozi 2 kati ya 4 akiwa sekondari, kisha akarudi chuo kilekile, anaanza na asilimia 50. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali ya shirikisho kwa wanachuo wenye kipato kidogo, kwa kawaida haimhusu aliyeko sekondari, kwa hiyo kozi ambayo jimbo halilipii inatoka mfukoni.

Na wazazi wajiandae: chini ya FERPA, sheria ya shirikisho ya faragha ya rekodi za elimu, haki juu ya rekodi za chuo ni za mwanafunzi mwenyewe, hata awe na miaka 14. Chuo kinaweza kumwonyesha mzazi anayemtaja kama tegemezi kwenye kodi, lakini hakilazimiki. Fomu ya ruhusa isainiwe wiki ya kwanza.

Kabla ya kusajili, fungua mpango wa shahada wa chuo unachokilenga, tafuta kozi hiyo kwa jina na namba, kisha iandikie idara barua pepe ukiuliza inatimiza sharti gani hasa. Hifadhi jibu pamoja na silabasi. Andika pia tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila alama, maana kalenda ya chuo haifuati ya sekondari. Kama lengo ni chuo binafsi chenye ushindani mkali, vingi havipokei krediti zilizokwisha kuhesabiwa kwenye cheti cha sekondari. Hapo mtihani wa AP (wa kozi ya ngazi ya chuo inayosomwa sekondari) wa mwezi Mei unaweza kufaa zaidi, ingawa matokeo yote yanategemea siku moja.