Kununua kifaa cha mkono cha ultrasoniki chenye mtetemo wa msokoto

Kifaa cha ultrasoniki hutetema haraka kuliko sikio linavyoweza kusikia. Ncha yake ikitetema kwa kujisokota, yaani kuzunguka kidogo huku na huku, haikisukumi mbali kitu kilicho mbele yake kama ifanyavyo ncha ya kwenda mbele na kurudi, tena hukata katika pande zote mbili za mwendo. Ndiyo maana kuna vifaa vya upasuaji wa mtoto wa jicho vinavyosokota kwa kilohezi 32, yaani mara 32,000 kwa sekunde. Kabla ya kutazama wati, mnunuzi aulize msokoto huo unazalishwaje, kwa kuwa hapo ndipo joto, urefu na uimara wa kifaa huamuliwa.

Nafasi ya kwanza ninaipa aina yenye pete za seramiki ya piezoelektriki (inayobadilika umbo ikipewa umeme) zilizokazwa kwa boliti, ambayo mtetemo wake wa kurefuka na kufupika hugeuzwa msokoto na mifereji ya mshazari iliyochongwa kwenye shina la titani. Pete zake ni za kawaida, na boliti huilinda seramiki, ambayo hustahimili kubanwa lakini huvunjika upesi ikivutwa. Mwendo wa mbele na nyuma haumaliziki wote, jambo ambalo kwa kazi nyingi halina madhara. Kagua mifereji kwa makini: miisho yake iwe ya mviringo, kwa sababu kwenye kona kali mkazo hurundikana na ufa huanza.

Ya pili hutumia pete za vipande vya seramiki hiyo vilivyoelekezwa kiumeme kufuata mzunguko wa pete, hivyo hutoa msokoto mtupu. Katika titani msokoto husafiri takriban mita 3,100 kwa sekunde, ilhali mtetemo wa urefu hufikia kama 5,000. Urefu wa kifaa hufuata nusu ya wimbi la mtetemo: kwa kilohezi 20, nusu hiyo hupungua kutoka milimita 125 hadi 78, na kifaa huwa kifupi. Kwa kazi nyeti ningeitanguliza, ila viungo vya gundi kati ya vipande huiongezea gharama na udhaifu.

Ya mwisho ni ya koili na metali inayobadilika umbo kwa sumaku: ni imara, lakini hupata joto na kwa kawaida huhitaji maji ya kuipoza.

Kwa aina yoyote, kidhibiti kifuatilie chenyewe masafa ya asili, yaani yale ambayo kifaa hutetemea kwa urahisi zaidi, kwani hubadilika kwa joto na mzigo. Ncha nyembamba iliyonyooka haifai, maana kwenye mhimili hakuna mwendo. Chukua pana au iliyopinda. Ukikigandamiza kifaa kwenye kitu cha kukatwa kikazimika, au mpini ukitetemesha vidole, usikinunue.