Wiki ya Wanasaikolojia wa Shule Marekani: Tamko Nyota Mbili, Huduma Nyota Nne

Kila Novemba Marekani huwa na wiki ya wanasaikolojia wa shule. Magavana hutoa matamko, na Seneti nayo imewahi kupitisha maazimio ya kuitambua. Karatasi hizo hufanana kama mayai ya kuku mmoja: mlolongo wa "Kwa kuwa", halafu "Hivyo basi", muhuri na picha ya pamoja. Hapa tunapima vitu viwili, yaani karatasi yenyewe na huduma inayosifiwa ndani yake.

Karatasi haina mengi. Azimio la Seneti la aina hii halipelekwi kwa Rais kutiwa saini, si sheria, wala haligusi bajeti. Kinachotofautisha tamko zuri na baya ni maneno yaliyomo ndani ya zile "Kwa kuwa". Likisema tu kwamba wanasaikolojia ni "muhimu kwa mafanikio ya kila mtoto", sentensi hiyo ungeweza kumbandika dereva wa basi la shule na ikabaki kweli. Tamko lenye uzito hutaja namba. Chama chao, NASP, kilichoanzishwa 1969, kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500. Kwa taifa zima, mmoja amekuwa akibeba zaidi ya 1,000. Gavana anayesifu huku akiruka pengo hilo amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Ndiyo maana tunatoa nyota mbili.

Utambuzi wenye faida zaidi ni cheti cha taifa kinachotolewa na NASP. Anayekiomba huwa amesoma masomo ya uzamili yasiyopungua saa 60 za muhula (kipimo cha wingi wa masomo ya chuo, si saa za kawaida), amefanya mafunzo kazini saa 1,200, angalau 600 kati ya hizo zikiwa shuleni, na amefaulu mtihani. Baadhi ya majimbo na wilaya za shule humwongezea mshahara mwenye cheti hicho. Mzazi naye anapata uhakika kwamba anayempima mwanawe si mshauri nasaha aliyeongezewa kazi, maana hizo ni fani mbili.

Sasa huduma yenyewe. Mwaka 1896 Lightner Witmer alifungua kliniki yake Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mtoto wa kwanza alikuwa mvulana aliyeshindwa tahajia, aliyeletwa na mwalimu wake. Hadi leo mlango mkuu ni huohuo: mwalimu au mzazi anaona jambo, anaomba tathmini. Katika shule za umma haimgharimu mzazi chochote, kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya elimu maalumu, IDEA.

Ombi liandikwe, liwe na tarehe, na mwombaji abaki na nakala. Maneno ya mdomo kwenye geti la shule ni vigumu kuyathibitisha baadaye. Barua ieleze kinachoonekana: anasoma maneno mangapi kwa dakika, ni kazi ipi anaiacha, tangu lini. "Hafanyi vizuri darasani" haimsaidii mpimaji kuchagua zana. Shule ikikataa, inapaswa kutoa taarifa ya maandishi yenye sababu. Jibu la "tusubiri kwanza amalize masomo ya ziada" halitoshi kuchelewesha tathmini pale ambapo ulemavu unashukiwa, na hapa ndipo wazazi wengi hupoteza muhula mzima.

Kosa la pili ni hesabu ya siku. Sheria ya shirikisho inatoa siku 60, isipokuwa jimbo limeweka muda wake, lakini saa inaanza kugonga siku shule inapopokea ridhaa ya mzazi yenye saini. Barua ya ombi haihesabiwi. Fomu ya ridhaa iliyolala wiki tatu ndani ya mkoba wa mtoto ni wiki tatu zilizopotea.

Kwenye upimaji wenyewe hakuna kipimo kimoja kinachoruhusiwa kuamua kila kitu. Kinachotumika sana kupima uwezo wa kufikiri ni WISC-V, kwa watoto wa miaka 6 hadi 16. Wastani wake ni 100, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni 15. Huchukua kama saa moja, na hutoa alama za maeneo matano pamoja na alama ya jumla. Tunashauri alama ya jumla isomwe mwisho. Mtoto mwenye 112 katika uelewa wa maneno na 78 katika kumbukumbu ya kazi (kushika taarifa kichwani huku akiitumia) anaweza kupata jumla inayokaribia wastani, na mtu asiyeangalia ndani atasema hana shida. Kumbe darasani anaelewa hadithi vizuri, ila maagizo ya hatua tatu yanamponyoka njiani.

Kuna mambo madogo yanayoharibu matokeo kuliko watu wanavyodhani. Miwani imesahaulika nyumbani. Mtoto ametolewa kwenye kipindi cha michezo, amenuna. Kipimo hichohicho alifanyiwa kliniki miezi miwili iliyopita, kwa hiyo alama zimepanda kwa mazoea. Mzazi aseme mapema ili zana nyingine ichaguliwe. Kubwa kuliko yote ni lugha. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha itakayotoa taarifa sahihi, inapowezekana. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani akipimwa msamiati kwa Kiingereza peke yake, kilichopimwa ni muda aliokaa Marekani.

Ripoti iombwe kabla ya kikao cha kujadili matokeo, si mezani. Ruka moja kwa moja hadi mapendekezo, kwa sababu hapo ndipo ubora unapoonekana. "Akae mbele, apewe muda zaidi" ni maneno ya kunakiliwa. Pendekezo linalotekelezeka husema nani, afanye nini, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na maendeleo yatapimwa kwa kipimo gani. Mzazi asiyekubaliana na tathmini anaweza kudai nyingine huru kwa gharama ya umma, na shule itabidi ilipe au ifungue shauri kuitetea ya kwake.

Upande wa tabia ndiko huduma hii inakotuvutia zaidi. Mwanasaikolojia mzuri huandika kilichotangulia, kilichofanyika na kilichofuata, kwa siku kadhaa na katika masomo tofauti. Mtoto anachana karatasi kila hesabu za sehemu (nusu, robo na kadhalika) zinapoanza, anatolewa nje. Adhabu hiyo ni zawadi, kwani alichotaka ni kuzikwepa hesabu hizo. Mpango unaofaa utapunguza maswali, utamfundisha kuomba msaada, na utahakikisha kuchana hakumtoi darasani tena. Mipango mingi huanguka wiki ya kwanza: tabia huzidi kabla ya kupungua, mwalimu hakuambiwa, anaona mpango umeshindwa na anarudia kumtoa nje. Kuanzia hapo mtoto amejifunza kwamba akichana zaidi, mlango utafunguka.

Tathmini ya hatari ya kujidhuru na msaada baada ya msiba shuleni nazo ni kazi za wanasaikolojia hawa, na hazisubiri miadi.

Nyota ya tano tumeizuia kwa sababu ya mgawanyo wa kazi. Anayehudumia shule tatu hufanya kwanza kazi yenye tarehe ya mwisho kisheria, yaani tathmini. Kukaa na walimu, kufuatilia mpango wa tabia, kumwona mtoto kabla hajafikia hatua ya kuombewa tathmini, hayo hayana tarehe, kwa hiyo hayafanyiki. Wazazi huishia kumfahamu kama mtu wa vipimo, ilhali alisomea mengi zaidi ya hayo.

Anayeandaa tamko la Novemba ijayo aombe kwanza ofisi ya wilaya orodha ya shule anazohudumia kila mwanasaikolojia na siku anazokuwepo katika kila moja. Hiyo ndiyo iwe "Kwa kuwa" ya kwanza.