Garaji ya turbo Goma: geji nzuri, hewa je?
Kwa magari ya mazutu (dizeli) yenye turbo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, mafundi wa garaji hii wanafupisha fimbo ya westigeti (vali inayopitisha moshi kando ya turbo) ili presha ipande, na kufunga geji ya presha. Kazi safi, klempu hazivuji. Na geji inang'aa vizuri usiku, hilo tuwape. Kasoro ni kutegemea presha peke yake. Presha inaonyesha jinsi hewa inavyozuiliwa kuingia silindani, si wingi wake. Goma iko mita 1,500 hivi, presha ya hewa ya nje ni kama bari 0.85: geji ikisema 1.0, injini inapata jumla ya 1.85, si 2.0 kama ufukweni. Turbo ndogo ikilazimishwa inapasha hewa tu. Sindano ya geji inapanda, moshi mweusi unabaki. Waambie wabadilishe filta, wasafishe kipoza hewa ya turbo, wapime joto la moshi kabla haujaingia turbo. Likipita digrii 750, wapunguze mazutu.