Usukani Uliotetemeka Spidi 90, na Fundi Aliyeanzia Barabarani

Kama gari lako linatulia mjini halafu usukani unaanza kucheza mikononi ukikaribia spidi 90, huduma ya ukaguzi wa mtetemo niliyoipata Kibaha naipendekeza. Ina kasoro zake, nitazisema.

Gari ni Toyota Premio, nimelifunga rimu za sport za inchi 16. Kimara hadi Kibaha, kwa foleni zile, hukuti tatizo lolote. Ukishapita Mlandizi barabara ikafunguka, kati ya 85 na 105 usukani unatikisika kushoto kulia. Ukipita 110 unapungua. Kila gereji ilikuwa na dawa yake. Kwa mmoja ni shokapu, kwa mwingine bushi, na pengine wakanijazia nitrojeni, ambayo sijui ingezuiaje gari kutetemeka. Wili balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) ilifanyika pia, mashine ikasoma sifuri magurudumu yote, na mtetemo ukabaki palepale.

Huyu wa Kibaha hakugusa jeki. "Bosi, tuingie barabarani kwanza," akasema, akakaa mwenyewe kwenye usukani. Tulipofika spidi yenye ugonjwa akaweka gia huru kidogo, barabara ikiwa tupu: mtetemo haukubadilika, kwa hiyo injini na mauntingi zake zikatoka kwenye orodha. Akakanyaga breki taratibu: haukuongezeka, disk zikatoka. Akakanyaga mafuta kwa nguvu kupanda kilima: hapo pia haukuzidi, akasema joint za ndani za shafti hazina neno. Kilichobaki ni magurudumu, na kwa kuwa ulikuwa unatikisika usukani na si kiti, akaanza na ya mbele.

Mjini tatizo halionekani kwa sababu nguvu ya kutikisa inakua kwa mraba wa spidi. Tairi la ukubwa wa langu likiwa spidi 100 linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Gramu 30 zikizidi upande mmoja wa rimu, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 5, tena kila mzunguko. Kwa spidi 50 nguvu hiyo inashuka hadi robo.

Gereji, alipochomoa gurudumu la mbele kulia, alinionyesha kitu ambacho waliotangulia hawakukitaja. Tundu la katikati ya rimu lilikuwa milimita 73, habu ya Premio (kitovu cha gari ambacho rimu inavalishwa) ni 54.1. Yaani rimu ilikuwa inaning'inia kwenye nati peke yake. Mashine ya balansi inashika rimu kwa koni katikati kabisa, ndiyo maana inasoma sifuri. Ukiifunga kwenye gari huku uzito wa gari umeshalalia gurudumu, inakaa pembeni kidogo na sifuri yote inakufa. Dawa yake ni pete za plastiki za kuziba nafasi hiyo. Alizifunga gari likiwa juu, akakaza nati kwa kukatisha kama nyota, akamalizia na spana ya kipimo kwa Nm 103.

Mtetemo ulipungua sana, haukuisha. Akazungusha kila gurudumu kwa mkono, ncha ya bisibisi ikiwa imetulia karibu na tairi, na tairi la mbele kushoto likawa linaikaribia ncha sehemu moja kila mzunguko. Lilikuwa limevimba, pengine nyuzi za ndani zimeachia. Hakuniambia ninunue jipya hapohapo. Alilihamishia nyuma tukarudi barabarani: usukani ukatulia, kiti changu kikaanza kutetemeka. Uthibitisho huo niliukubali kuliko karatasi yoyote ya mashine. Tairi hilo nililitupa, maana lililovimba hivyo linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo.

Kasoro sasa. Ni mmoja tu anayeijua kazi hiyo, wengine pale wanabadilisha oili, hivyo utasubiri, na benchi liko juani. Hawana mashine ya balansi inayokandamiza tairi kwa rola ili kupima mduara wake, kwa hiyo tairi lenye kasoro ndogo kuliko langu huenda jicho na bisibisi visilikamate. Hawatoi maelezo ya maandishi ya walichokipima. Nilibaki kuandika kwenye simu. Malipo yalizidi kidogo bei ya balansi na alaimenti kwa pamoja, bila pete wala tairi, ila ni chini sana ya shokapu nne nilizokuwa naambiwa ninunue.

Ukienda, piga simu mapema uulize kama wana pete za saizi ya habu yako. Za 60.1, zinazoingia RAV4 na Harrier, walikuwa nazo kabatini. Za kwangu zilitumwa kutoka Kariakoo na bodaboda, na nauli nililipa mimi.