Famasi Inayouliza Kabla ya Kuuza

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, kununua diklofenaki ya maumivu ya magoti katika famasi moja iliyo jirani na Soko la Mbuyuni, Moshi. Tulitarajia kulipa na kuondoka. Mfamasia, binti mdogo kwa umri, alimwamkia, kisha akamuuliza kama kuna dawa nyingine anayoitumia kila siku. Mama akajibu kwamba anameza losatani ya presha, na hapo ndipo huduma yenyewe ilipoanza.

Alitueleza kwa utaratibu, bila kumtisha mama, kwamba diklofenaki inaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya losatani, na kwamba dawa hizo mbili zikichanganywa, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa, huweza kudhuru figo. Akashauri parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku, na mama aonane na daktari wake iwapo maumivu hayatapungua. Kisha akamwambia, "Sasa mama, hebu nieleze utakavyozitumia ukifika nyumbani." Mama, aliyekuwa akiitikia kwa kichwa muda wote, akasema kwamba siku za kumeza dawa ya magoti ataiacha ile ya presha. Mimi niliyekuwa nimesimama kando yake nilidhani ameelewa kila kitu! Kosa hilo lilisahihishwa palepale, na maelezo yakaandikwa kwenye bahasha kwa maneno: asubuhi, mchana, usiku.

Mapema mwaka huu duka jingine la dawa mjini lilimuuzia diklofenaki hiyohiyo katika bahasha iliyoandikwa "1x3" peke yake, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, wala hakuulizwa lolote. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Upungufu wa famasi hii ni faragha. Kaunta ni moja na inatazamana na mlango, hivyo kijana aliyetufuatia alilazimika kunong'ona shida yake mara mbili huku watu wakisikiliza. Pazia na viti viwili pembeni vingetosha kumsitiri. Jioni foleni huwa ndefu, na mazungumzo hufupishwa. Anayetaka kuhudumiwa kwa utulivu afike asubuhi, akiwa amebeba dawa zake zote, hata zile za mitishamba.