Dungeon Master's Guide, 2014 na 2024: kanuni za kutengeneza vifaa vya uchawi

Naendesha meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, hapa Mbeya, na matoleo yote mawili ya Dungeon Master's Guide, kitabu cha mwendesha mchezo, nimeyatumia. Nazungumzia sehemu moja tu, ile ya kutengeneza vifaa vya uchawi. La 2014 nalipa nyota tatu kati ya tano; la 2024, nne.

Hesabu ya 2014 ni nyepesi. Vifaa hupangwa kwa uadimu, hadi lejendari ambacho ndicho cha juu kabisa. Kifaa adimu kinagharimu sarafu 5,000 za dhahabu na kinamtaka mtengenezaji wa leveli ya 6, yaani ngazi ya mhusika. Siku moja ya kazi, yaani muda wa saa nane, inakula sarafu 25, kwa hiyo ni siku 200. Adimu sana ni 50,000, siku 2,000. Lejendari ni 500,000: siku 20,000, karibu miaka 55. Hiyo waachie elfi, viumbe wanaoishi karne nyingi.

Ubishi unaanzia kwenye sloti, zile nafasi chache alizo nazo mhusika za kutoa speli, yaani matendo ya uchawi. Speli na sloti zina leveli zake, tofauti na leveli ya mhusika. Kifaa kikiwa kinatoa speli, unatumia sloti ya leveli ya speli hiyo kila siku ya kazi. Chukua Staff of Healing, fimbo ya kuponya. Ni adimu, na jedwali linasema leveli ya 6 inatosha. Ila ndani yake mna Mass Cure Wounds, speli ya leveli ya 5, na mhusika aliye kasisi hapati sloti hiyo mpaka afike leveli ya 9. Jedwali linaruhusu, aya ya chini yake inazuia. Mimi nafuata aya: leveli ya jedwali ni kiwango cha chini, haikuhakikishii kwamba utaweza.

Malighafi ndiyo inayowafilisi wachezaji. Speli ikiwa inateketeza malighafi yake, na kifaa kinaitoa zaidi ya mara moja, malighafi hiyo inateketea kila siku ya kazi. Mchezaji akibuni kifaa adimu cha Stoneskin, speli ya kuifanya ngozi iwe ngumu kama jiwe, vumbi la almasi la sarafu 100 mara siku 200 ni 20,000, juu ya zile 5,000. Mwambieni kabla hajaanza, maana akigundua siku ya 40 mtagombana.

Wasaidizi wanapunguza siku: watu wanne wakichangia 25 kila mmoja, siku 200 zinakuwa 50, na sloti nazo zinatumika siku 50 tu. Je, mpiganaji asiye na speli anaruhusiwa? Kitabu kinamtaka mtengenezaji awe na sloti. Kwa wasaidizi kinataja leveli tu. Namruhusu, ilimradi sloti za siku zipatikane kwa mwingine. Kinataka pia wote washiriki mwanzo hadi mwisho. Mmoja akiondoka katikati, kwangu fedha iliyokwisha kulipwa inabaki, ila kazi inasimama mpaka speli aliyokuwa akichangia ipate mtu.

Toleo la 2024 limeshusha kifaa adimu hadi sarafu 2,000 na siku 50, lejendari 100,000 na siku 250. Linataka ujuzi wa Arcana (elimu ya uchawi) na wa zana husika. Kuchoma sloti kumeondoka: mtengenezaji awe ameandaa speli zote za kifaa, yaani ziwe miongoni mwa zile alizo tayari kuzitoa, kila siku ya kazi. Staff of Healing bado inadai kasisi wa leveli ya 9, safari hii kimyakimya, maana kabla ya hapo hawezi kuandaa speli ya leveli ya 5. Swali jipya ni kama msaidizi anaweza kuandaa speli badala ya mtengenezaji. Mimi nakataa, kwa sababu maneno yanamtaja mtengenezaji mwenyewe.

Mwenye la 2014 asilitupe. Chukua bei na siku za 2024, bakiza fomula ya 2014, yaani maandishi yanayoeleza namna ya kutengeneza kifaa, ile inayokuwa adimu kwa ngazi moja zaidi ya kifaa chenyewe, kisha chapisha maamuzi ya meza kwenye karatasi moja pale steshenari. Umeme ukikatika mnaendelea kucheza.