CLEP kwa mbeba boksi aliyesoma HGE: uzoefu wangu

Niseme mapema: CLEP inalipa, ila inamlipa zaidi mtu aliyekuja Marekani na kitu kichwani. Kama umemaliza kidato cha sita nyumbani, yale uliyoyapigia msuli miaka ile bado yana bei hapa, tena bei nzuri. Lakini ukichagua pepa kwa kufuata mkumbo, eti kwa sababu fulani kasema ni jepesi, unaweza kulifaulu na bado lisikusogeze hata hatua moja kuelekea shahada.

Kwa asiyeijua, CLEP ni mitihani ya College Board, wale wale wenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo huko Marekani. Ilianza mwaka 1967 na sasa yako masomo 34. Unakaa mbele ya kompyuta, mara nyingi kwa dakika 90, na ukifaulu chuo kinakuandikia krediti kana kwamba ulihudhuria darasa muhula mzima. Hakuna anayekuuliza ulifundishwa na nani. Aliyewahi kufanya mtihani wa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, kama mtahiniwa wa kujitegemea ataielewa haraka. Alama zinaanzia 20 hadi 80, na ACE, baraza la elimu ya juu la Marekani, linapendekeza 50 ihesabiwe kuwa ufaulu. Ni pendekezo tu. Chuo chako kina haki ya kudai zaidi, au kukataa kabisa.

Mimi ni mbeba boksi, yaani mtu wa vibarua huku ughaibuni: nahudumia wazee, shifti ya usiku, na nasomea shahada ya biashara kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Ada ya pepa moja iko chini kidogo ya dola 100, kisha kituo cha mtihani kinaongeza chake. Kozi moja ya krediti tatu chuoni kwangu inazidi dola elfu, bado kitabu, bado zile jioni mbili kwa wiki ambazo mtu wa shifti ya usiku anatakiwa awe amelala. Hesabu hiyo hata aliyefeli BAM, ile hesabu ya msingi ya kidato cha tano na sita, anaiweza.

Kazi kubwa iko kabla ya kusajili. Kila chuo kinachopokea CLEP huwa na jedwali kwenye tovuti yake: pepa hili, alama hii, badala ya kozi hii. Lisome hilo kwanza, kabla hujafungua kitabu chochote. Ukikuta namba ya kozi iliyomo kwenye mpango wako wa shahada, endelea. Ukikuta zimeandikwa krediti za kuchagua (electives, zisizo za kozi yoyote ya lazima), na wewe za kuchagua umeshazijaza, pepa hilo litakuwa pambo tu kwenye transkripti. Vyuo vingi pia vina kikomo cha krediti za mitihani, na vinataka sehemu fulani ya shahada uisomee kwao. Thomas Edison State University ya New Jersey, Excelsior ya New York na Charter Oak ya Connecticut vina sifa ya kupokea krediti za namna hii kwa mikono miwili, wakati baadhi ya vyuo vyenye majina makubwa havitaki hata kusikia. Wanaosomea uuguzi wawe macho zaidi: kuna programu zinazokataa CLEP ya baiolojia au kemia hata kama chuo chenyewe kinaipokea kwa wanafunzi wengine. Mimi nilimwandikia mshauri wa masomo barua pepe na kutaka jibu la maandishi. Jibu la mdomo ofisini ni maneno ya kwenye daladala, ukishuka yameisha.

Sasa mapepa yenyewe. Nilianza na Principles of Microeconomics, halafu Principles of Macroeconomics, na sababu ni moja: kidato cha tano na sita nilisoma HGE, yaani historia, jiografia na uchumi. Kwa kuwa uchumi tulifundishwa kwa Kiingereza, istilahi zilinisubiri pale pale nilipoziacha. Tofauti ni namna ya kuulizwa. Kwetu swali la uchumi linakuja na insha yake: utangulizi, hoja sita, hitimisho, na mkono unauma. Hapa ni maswali 80 ya kuchagua, kila moja lina majibu matano, na mengi yanakuhukumu kwa mchoro. Unaonyeshwa mistari ya mahitaji na ugavi, unaambiwa serikali imeweka kikomo cha bei chini ya pale mistari inapokutana, unatakiwa useme upungufu utakuwa kiasi gani. Huna pa kueleza kwamba kikomo cha bei husababisha ulanguzi na foleni. Unasoma mchoro, unatoa, unabofya, unasonga. Kwa hiyo maandalizi yangu yote ya Micro yalikuwa kuchora. Nilinunua daftari la mraba na kuchora mashirika ya ushindani kamili na ya ukiritimba mpaka nikawa naweza kuonyesha faida iko wapi bila kuangalia popote.

Kwenye Macro kuna kitu kimoja cha kujifunza upya, nacho ni benki kuu yao. Sisi tulikariri kazi za Benki Kuu ya Tanzania. Wao wana mfumo wa Federal Reserve wenye benki 12 za kanda, na mtihani unataka ujue mnyororo mzima: ikinunua hati fungani za serikali, fedha zinaongezeka kwenye mzunguko, riba inashuka, uwekezaji unapanda, na mstari wa mahitaji ya jumla unasogea kulia. Ukiukamata mnyororo huo mbele na nyuma, maswali mengi yanajijibu.

American Government ni habari nyingine. Hapo HGE haikunisaidia kitu. Waliopitia usaili wa uraia hudhani yale maswali ya kiraia waliyokariri yanatosha. Yanakupa majina na tarehe, lakini pepa linauliza mambo yanavyofanya kazi. Kwa nini seneta mmoja anaweza kuukwamisha muswada, na kwa nini zinatakiwa kura 60 kuukwamua. Kesi ya Marbury ya 1803 iliipa mahakama nguvu gani, na ile ya McCulloch ya 1819 ilisema nini kuhusu jimbo kuitoza kodi benki ya taifa. Karibu theluthi ya mtihani ni Bunge, urais na watumishi wa serikali, na humo ndimo mgeni anapopotea, kwa sababu mwenyeji amesikia maneno hayo tangu utotoni kwenye taarifa ya habari.

Niliandika kesi kwenye kadi ndogo, upande mmoja jina, upande wa pili hukumu, nazo zikakaa kwenye mfuko wa sare yangu ya kazini. Usiku mmoja nampima presha babu mmoja, mwalimu mstaafu, akaiona kadi imechungulia. Akaichomoa, akaisoma upande wa jina, akaanza kunisomesha pale pale, mkono wake ukiwa bado kwenye mashine. Tangu hapo kila nikiingia chumbani kwake alidai kadi kabla ya kukubali kumeza dawa. Sijawahi kupata mwalimu mkali kama yule, na hakuna kozi ya mtandaoni iliyonieleza tofauti ya kamati za Bunge la Wawakilishi na za Seneti kama alivyonieleza yeye.

Vifaa vya kusomea si vya gharama. Vitabu vya OpenStax, vinavyotolewa na Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, ni bure kusoma mtandaoni, na vya uchumi na serikali ya Marekani vimo. Maktaba ya mtaani kwangu ilikuwa na vitabu vya maandalizi ya CLEP, ingawa vingine vilikuwa vya zamani na wenzangu waliotangulia walishavijaza majibu kwa penseli. Kitabu cha zamani si kibaya kwa uchumi; kwa serikali, angalia mwaka. Zaidi ya yote kuna Modern States, shirika lisilo la faida lenye kozi za bure zinazofuata mitihani hii. Ukimaliza kozi na mazoezi yake kwa kiwango wanachotaka, unaomba vocha inayolipa ada ya College Board, na nilipofanya mimi walirudisha hata ada ya kituo baada ya kuwapelekea risiti. Ni kweli, hakuna mtego. Udhaifu wake ni video: baadhi ya wahadhiri wanasoma polepole kama wanatangaza msiba, na mazoezi yao ni mepesi kuliko mtihani. Nilizichukua kozi zao kwa ajili ya vocha na muhtasari, msuli wenyewe nikaupiga kwenye OpenStax.

Kusajili kwenyewe ni kwepesi. Unafungua akaunti ya CLEP, unachagua pepa, unaingiza namba ya vocha au kadi ya benki, unaandika chuo cha kupelekewa matokeo (cha kwanza ni bure ukikitaja hapo hapo), unachapa tiketi. Tiketi haikupi nafasi ya kukaa. Lazima upange siku na kituo chenyewe, na vingi ni ofisi za mitihani za vyuo ambazo wiki za kufunga muhula hujaa pomoni. Jambo la kuangalia kwa makini kama tundu la sindano ni jina. Sisi watu wa majina matatu tunateseka sana na fomu za huku. Rafiki yangu alisajili kwa majina mawili, leseni yake ya udereva ina matatu, la kati likiwa limeungana na la mwisho, na akarudishwa mlangoni. Andika jina kama kitambulisho chako kinavyosema, hata kama kitambulisho kimekosea.

Siku ya mtihani simu inabaki kwenye kabati, mifuko inakaguliwa, unapewa karatasi za rafu na penseli. Ubaridi wa kiyoyozi ni wa kuhifadhia nyama. Vaa sweta lisilo na kofia, maana la kofia niliambiwa nilivue. Jibu kosa halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi. Ukimaliza, alama inatokea kwenye skrini palepale. Kwa mtu aliyezoea kusubiri miezi mpaka matokeo yatangazwe na redio za mtaa mzima zifunguliwe, hilo linashtua kidogo. College Composition ndiyo tofauti: ina insha mbili za kuandika kwa dakika 70 jumla, zinasahihishwa na walimu, na majibu huchukua wiki kadhaa. Kwa pepa hilo, ile nidhamu yetu ya utangulizi na hoja ilinifaa kuliko popote, ingawa hoja sita ni nyingi mno. Mbili zilizoshiba zinatosha.

Kilichonikera si mtihani, ni makaratasi baada yake. Krediti za Macro zilichelewa kuingia, na zilipoingia ziliwekwa kwenye fungu la krediti za kuchagua badala ya kozi ya uchumi. Nikapiga simu, nikazungushwa, kila dirisha likinirusha kwa jingine. Nilipoambatanisha ile barua pepe ya mshauri, jambo liliisha kabla ya wiki kwisha. Ndiyo maana nasema maandishi.

Ukifeli, unasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia pepa lile lile. Na walio na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, wasikilize vizuri: krediti za CLEP hazihesabiki kwenye zile 12 unazotakiwa uwe umesajili darasani kila muhula. Zinaweza kukupunguzia mihula, haziwezi kukulinda hadhi ya uhamiaji.

Kwa ndugu zetu wa Congo, Burundi na Rwanda mnaojua Kifaransa, sijui mnasubiri nini. Pepa la Kifaransa ni kusikiliza na kusoma tu, hakuna kuandika wala kuzungumza. Kwa pendekezo la ACE, alama 50 ni krediti sita na 59 ni tisa. Dada mmoja wa Bujumbura tunayefanya naye kazi alilifanya bila maandalizi ya maana, akatoka anacheka. Uliza tu mapema, kwa sababu vyuo vingine havimpi krediti mtu kwa lugha aliyosomea shule.

Kiswahili chetu hakimo. Lugha za CLEP ni Kihispania, Kifaransa na Kijerumani, basi. Ila ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, wana mtihani wa kuzungumza, mahojiano ya simu ya dakika 15 hadi 30, na Kiswahili kimo kwenye orodha yao. ACE wana pendekezo la krediti kwa matokeo yake rasmi. Nimeshauliza chuoni kwangu, nimejibiwa kwa barua pepe kwamba watayapokea kwenye sharti la lugha ya kigeni. Ada yake ni kubwa kuliko ya CLEP na haina vocha ya Modern States, kwa hiyo nimeisogeza mpaka bonasi ya mwisho wa mwaka iingie.